Oili ya sintetiki na ya kawaida ndani ya injini moja: namna ya kuchanganya bila kuua gari

Mwaka juzi, nikitoka Dar kwenda Njombe, nilisimama Ruaha Mbuyuni kama tunavyosimama wengi: vitunguu, chai, na gari ipumzike kabla ya kupanda mlima wa Kitonga. Nina tabia ya kuchomoa stiki ya oili kila ninaposimama zaidi ya robo saa. Siku hiyo stiki ilitoka karibu kavu, oili imegusa ncha tu, chini ya alama ya chini. Gari ni Toyota IST ya injini ya 1NZ, imeshatembea sana, na inakunywa oili taratibu kama mzee anavyokunywa kahawa barazani. Ndani nilikuwa nimeweka 5W-30 ya sintetiki. Duka la spea lililokuwa jirani lilikuwa na 20W-50 ya kawaida, ambayo ni nzito zaidi, basi. (Namba hizi nazieleza kwenye hatua ya 2.)

Kijana aliyekuwa akiziba pancha pembeni akanionya.

"Kaka, usichanganye hizo. Zikikutana zinaganda kama uji. Bora uende hivyohivyo, oili yako utaipata Iringa."

Nilimshukuru, nikanunua kopo la lita moja, nikamimina. Kitonga nikaipanda, Njombe nikafika, na injini hiyohiyo ndiyo inayonipeleka kazini mpaka leo. Kijana alikuwa na nia njema, lakini ushauri wake ndio ungeniulia gari. Ukipanda mlima ule oili ikiwa imekwenda chini, oili inalalia upande mmoja wa sampu (bakuli la oili chini ya injini) kwenye kona, pampu inavuta hewa badala ya oili, na beringi za krenki, ule mhimili mkuu wa injini, zinasagana kavu. Hapo huzungumzii tena oili, unazungumzia bei ya injini nzima.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na maelezo yote yanayofuata yanatoka humo: oili pungufu ni hatari kubwa kuliko oili iliyochanganywa, na oili iliyochanganywa ni suluhisho la dharura, si mbinu ya kubana matumizi.

Kwa nini hazigandi

Oili yoyote ya injini ina sehemu mbili: mafuta ya msingi, na dawa zilizotiwa humo kiwandani. Mafuta ya msingi yamegawanywa na taasisi ya mafuta ya Marekani, API, katika makundi 5. Kundi la 1 na la 2 ni mafuta ghafi yaliyosafishwa. Hizo ndizo tunazoziita oili ya kawaida. Kundi la 3 nalo hutoka kwenye mafuta ghafi, ila limepitishwa kwenye hidrojeni chini ya joto na shinikizo kubwa mpaka molekuli zake zikapangika upya. Kundi la 4 linaundwa kiwandani kutokana na gesi, na la 5 ni esta pamoja na mengine yote yaliyobaki.

Sasa sikiliza kichekesho. Mwaka 1999 huko Marekani, Mobil ililalamika kwamba Castrol inauza oili ya kundi la 3 kwa jina la sintetiki. Chombo kinachosuluhisha migogoro ya matangazo kikaamua kwamba Castrol ina haki ya kuiita hivyo. Tangu hapo galoni nyingi zilizoandikwa sintetiki, zikiwemo unazoziona Kariakoo, zina mafuta ya kundi la 3 ndani, yaani binamu wa damu wa oili ya kawaida. Nyingine zinatengenezwa kwa gesi asilia, kama zinazotumia mafuta ya msingi ya kiwanda cha Pearl cha Ras Laffan, Qatar. Hata hizo, kikemia, ni haidrokaboni zilezile, yaani molekuli za kaboni na hidrojeni. Mafuta na mafuta hayagombani. Yanayogombana ni mafuta na maji.

Isitoshe, oili ikitaka kubeba nembo ya API lazima ithibitike maabara kwamba inachanganyika na nyingine bila kujitenga wala kuacha mashapo, hata ikipozwa na kupashwa moto. Na viwanda vyenyewe vinauza mchanganyiko huo: galoni iliyoandikwa semi-sintetiki ni nini kama si kawaida na sintetiki zilizokutanishwa mapema?

Hofu yenyewe haikutoka hewani, hata hivyo. Sintetiki za mwanzo za miaka ya 1970 ziliwahi kusumbua sili za raba za magari ya wakati huo, zikaanza kuvuja. Tatizo lile lilirekebishwa zamani. Linalobaki ni hili: injini iliyokaa miaka mingi na oili mbovu hujaa utando mweusi, na wakati mwingine utando huo ndio unaoziba sili iliyokwisha. Ukiweka oili yenye sabuni kali, utando unayeyuka na uvujaji unajitokeza. Mwenye gari anasema sintetiki imeua sili. Sili ilikufa zamani, ilikuwa imefungwa bandeji tu.

Kinachoharibika unapochanganya ni uwiano wa dawa. Kila kiwanda kina mapishi yake: zinki ya kuzuia vyuma visilike, kalsiamu au magnesiamu ya kusafisha, dawa ya kuzuia povu, polima za kuifanya oili isiwe nyepesi mno ikipata moto. Mapishi mawili yakikutana hayawi sumu, lakini hakuna aliyeyapima pamoja. Unapata oili inayofanya kazi, ila huwezi kuapa kwamba ina ubora ulioandikwa kwenye galoni yoyote kati ya zile mbili.

Hatua ya 1: ijue oili ambayo injini yako inaitaka

Fungua kitabu cha gari. Gari zetu nyingi zimetoka Japani na kitabu kimeandikwa Kijapani, lakini namba ni namba: tafuta ukurasa wenye 0W-20, 5W-30 au 10W-30, na penye ujazo wa lita. Wakati mwingine namba imechorwa juu ya kifuniko cha kumiminia oili. Injini ya 1NZ, iliyomo kwenye IST, Vitz za cc 1500, Probox na Premio za cc 1500, inachukua lita 3.7 ukibadilisha na filta, au lita 3.4 ukiiacha filta ya zamani. Andika namba hizo kwenye simu yako leo, usisubiri uko porini mtandao haushiki.

Hatua ya 2: soma galoni, usisome picha

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, kwa hiyo tukae kidogo.

Cha kwanza kusoma ni namba ya uzito. Kwenye 5W-30, ile 30 inaeleza mnato (uzito) wa oili ikiwa imeshapata moto, kwenye nyuzi 100. Ile 5W inaeleza tabia yake kwenye baridi. Herufi W imetokana na neno la Kiingereza la majira ya baridi. Kadiri namba ya mbele ilivyo ndogo ndivyo oili inavyopanda upesi juu ya injini asubuhi. Watu wa pwani hupuuza namba ya mbele kwa kuwa hatuna baridi. Ni kweli hata 20W inapimwa kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri, baridi ambayo Dar haitaiona. Lakini asubuhi ya mwezi wa 7 kule Makete au Njombe mjini, 20W-50 inakawia kufika juu kuliko 5W-30, na unaisikia: tapeti, vyuma vinavyosukuma valvu, zinalia sekunde kadhaa kabla ya kunyamaza.

Cha pili ni herufi za API. Kwa petroli zinaanza na S: SL ilitoka 2001, SM 2004, SN 2010, SP 2020. Kadiri herufi ya pili inavyosonga mbele, oili ni ya kisasa zaidi, na mpya inaweza kutumika pale ilipotakiwa ya zamani. Kinyume chake hapana. Madukani bado utakutana na SF na SG, tena kwa bei ya kuvutia. SF ilitungwa kwa magari ya miaka ya 1980. Ukiimimina juu ya SP yako hujaongeza oili tu, umeishusha daraja yote iliyomo.

Dizeli zina herufi C: CF-4, CI-4, CK-4. Oili nyingi zina zote mbili, mfano SL/CI-4, nazo ni kopo zuri la kubeba kwenye buti kwa sababu zinafaa petroli na dizeli, isipokuwa zile nitakazozitaja mwishoni.

Cha tatu, aina. Kawaida, semi, sintetiki. Ndiyo, hii nimeiweka mwisho makusudi. Watu hubishana juu ya neno sintetiki wakati namba na herufi za API ndizo zinazoamua. Kama chaguo dukani ni oili ya kawaida 10W-30 ya SN au sintetiki 20W-50 isiyo na herufi yoyote ya API, mimi nachukua ya kawaida bila kuwaza mara mbili.

Hatua ya 3: pima kabla hujamimina

Egesha pahali tambarare, zima, subiri dakika 5 oili ishuke kwenye sampu. Chomoa stiki, ifute, irudishe mpaka mwisho, ichomoe tena. Kipimo cha mara ya kwanza ni cha uongo, oili inakuwa imetapakaa kwenye bomba.

Ukiwa umeishika stiki, itazame rangi. Nyeusi si tatizo; oili inayosafisha lazima ichafuke. Ya maziwa au rangi ya kahawa ya maziwa ni tatizo, maana maji ya rejeta yameingia, mara nyingi kwa gasketi ya kichwa. Ikinuka petroli waziwazi, nalo ni tatizo. Katika hali hizo mbili usijadili uchanganye nini. Zima, tafuta fundi, oili yote itamwagwa.

Nafasi kati ya alama ya chini na ya juu kwenye magari madogo ni karibu lita 1, au zaidi kidogo kutegemea injini. Ukijua hilo utajua ununue kopo dogo au galoni.

Hatua ya 4: piga hesabu ya mchanganyiko

Hesabu hii mafundi wengi hawaifanyi, na ndiyo inayoondoa hofu.

Mnato kwenye nyuzi 100 hupimwa kwa sentistoki. Oili ya 30 iko kati ya 9.3 na 12.5, ya 40 ni 12.5 hadi 16.3, ya 50 ni 16.3 hadi 21.9. 5W-30 ya kawaida dukani huwa karibu 10.5, na 20W-50 huwa karibu 18.

Pale Ruaha Mbuyuni nilikuwa na takriban lita 2.5 za 5W-30 zilizobaki, nikaongeza lita 1 ya 20W-50. Ukipiga hesabu, unapata mnato wa kama 12.2. Yaani oili iliyomo ilikuwa bado ni ya 30, imekaribia tu mpaka wa 40. Kwa jua la Iringa mchana na mlima mbele, sikuona la kulalamikia.

Kama ningechanganya nusu kwa nusu, ningepata kama 13.7, oili ya 40. Angalia kwamba si wastani wa shuleni wa 10.5 na 18, ambao ungekuwa 14.25. Nyepesi huvuta zaidi kuliko nzito, kwa hiyo jibu siku zote hukaa chini kidogo ya wastani. Huhitaji kikokotoo cha kisayansi barabarani: chukua wastani kwa uwiano wa lita, punguza kidogo, umemaliza. Namba ya mbele, ile ya W, usijaribu kuikokotoa. Ichukulie kuwa imeharibika kuelekea ile kubwa.

Kanuni ninayoifuata mimi: nyongeza ya namba tofauti isizidi theluthi ya oili yote. Ikibidi kuzidi hapo, basi nanunua ya kutosha kumwaga yote na kuanza upya. Na ukiweza kupata namba ileile, hata kama ni ya kawaida juu ya sintetiki, huna hesabu yoyote ya kufanya: 5W-30 juu ya 5W-30 inabaki ya 30.

Kwa injini zenye VVT-i, mfumo wa Toyota wa kubadilisha muda wa kufunguka kwa valvu, hesabu hii ina uzito wa ziada. Mfumo ule unazungusha gia ya kemshafti (mhimili unaofungua valvu) kwa presha ya oili inayopita kwenye valvu ndogo yenye chujio dogo. Oili nzito mno au yenye masizi inauchelewesha, gari linakosa nguvu, taa ya injini inawaka, na wewe unaanza kubadilisha plagi na koili zisizo na kosa.

Hatua ya 5: mimina

Futa vumbi kuzunguka kifuniko kabla ya kukifungua. Tumia faneli safi. Chupa ya maji iliyokatwa nusu inatosha, ila iwe kavu. Mimina nusu lita, subiri dakika 2, pima. Ongeza kidogo kidogo mpaka ikaribie alama ya juu, iishie chini yake kidogo.

Usijaze kupita alama. Oili ikizidi, krenki inaipiga kama mwiko upigavyo mayai, inatoka povu, na povu halilainishi kitu. Ukizidisha, legeza nati ya chini uipunguze.

Huna haja ya kuchanganya kwenye dumu kwanza na kutikisa. Washa gari, iache iungurume dakika moja, injini yenyewe ni mashine ya kukoroga. Wapo wanaopenda kufanya jaribio la chupa: unaweka oili mbili kwenye chupa ya kioo, unaitikisa, unaiacha usiku kucha. Niliwahi kufanya kwa chupa ya siagi ya karanga. Asubuhi ilikuwa oili moja, safi, bila mstari wowote. Jaribio linatuliza roho, na litakuonyesha kama kopo ulilouziwa lina maji. Halikwambii chochote kuhusu zile dawa ndani.

Hatua ya 6: punguza kilomita za kumwaga oili

Oili iliyochanganywa hesabu umri wake kwa ile dhaifu. Kama sintetiki yako ulipanga kuimwaga baada ya kilomita 10,000, na umeongeza lita ya kawaida inayomwagwa kwa 5,000, sasa unamwaga kwa 5,000, ukihesabu tangu siku ulipoweka ile sintetiki. Ikiwa unaishi na foleni ya Mandela au ya Mbagala kila siku, punguza tena, kwa sababu injini inaunguruma saa nzima bila kilomita kusogea. Mimi niliporudi Dar niliimwaga wiki ileile. Haikuwa lazima, ila nilikuwa na galoni nyumbani.

Siku mbili tatu za mwanzo baada ya kuchanganya, pima stiki kila asubuhi na tazama chini ya gari kama kuna tone. Taa nyekundu ya oili ikiwaka ukiendesha, zima papo hapo hata kama uko katikati ya barabara. Ile ni taa ya presha, haikuombi uongeze oili ukifika.

Pale ambapo jibu ni hapana

Pikipiki. Klachi ya bodaboda nyingi inaogelea ndani ya oili ileile ya injini. Oili za magari za kuokoa mafuta zina dawa ya kupunguza msuguano, na klachi inaishi kwa msuguano. Ukiongeza oili ya gari kwenye Boxer au TVS, klachi inaanza kuteleza: injini inalia, tairi halivuti. Tafuta kopo lenye alama ya JASO MA au MA2, daraja za Kijapani za oili za pikipiki. Sintetiki na kawaida zenye alama hiyo unaweza kuzichanganya kwa dharura kama kwenye gari.

Oili ya injini za mipigo miwili, ile inayochanganywa na petroli kwenye mashine za boti za wavuvi na misumeno ya mbao, haiingii kwenye sampu ya gari. Imetungwa iungue, siyo ikae. Oili ya gia 90 na ile nyekundu ya giaboksi ya otomatiki nazo hapana, hata tone. Kila mwaka nasikia mtu aliyeshauriwa kutia ya gia ili injini ipunguze moshi. Moshi ukiacha kwa wiki moja, unarudi na rafiki zake.

Dizeli mpya zenye chujio la masizi kwenye ekzosi zinahitaji oili yenye majivu kidogo, na galoni yake huandikwa C3 au namba inayofanana nayo katika daraja za ACEA za Ulaya. CF-4 ya kawaida ikiingia humo, majivu yake yanaziba chujio na hayaungui tena. Kwa gari hizo beba kopo la akiba kutoka nyumbani. Vilevile haibridi zinazotaka 0W-20 au 0W-16: zinazima na kuwasha injini mara nyingi njiani, na zinahitaji oili inayofika haraka kila mara.

Na gari lenye waranti ya wakala, soma waranti yako kabla ya kumimina.

Unataka kuchanganya ili kuokoa hela?

Hili nimeulizwa sana: kununua galoni moja ya sintetiki na moja ya kawaida, nusu kwa nusu, gari mbili zipate. Unaweza, injini haitalia. Lakini umenunua nini? Umelipia faida ya sintetiki, ambayo ni kudumu muda mrefu na kustahimili joto, kisha umeitupa kwa sababu sasa lazima umwage kwa ratiba ya oili ya kawaida. Semi iliyochanganywa kiwandani inakupa kitu hichohicho kikiwa kimepimwa. Hata hivyo usiisujudie semi. Hakuna kanuni ya API inayomlazimisha mtengenezaji kuweka asilimia fulani ya sintetiki humo.

Kama bajeti ni ndogo, nunua oili ya kawaida nzuri yenye SN au SP, namba sahihi, filta ya kweli, na uimwage kwa wakati. Injini ya 1NZ itakushukuru kuliko sintetiki iliyokaa kilomita 15,000.

Siku ya kumwaga

Pasha gari joto dakika 5 ili oili iwe nyepesi, zima. Pandisha kwa jeki, lakini usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Weka stendi, na matofali usiyaamini hata yawe mazima. Kwenye Toyota nyingi ndogo nati ya chini ni spana namba 14. Ifungue, acha itiririke robo saa. Fungua filta, ipake mpya oili kidogo kwenye raba yake, ifunge kwa mkono: ikigusa, zungusha robo tatu ya mzunguko, acha. Nati irudishe na wosha mpya, kaza kwa wastani. Sampu nyingi zimeharibiwa na vijana wenye nguvu kuliko zilivyoharibiwa na mawe ya barabarani.

Ndani ya injini hubaki oili kidogo ya zamani hata ukisubiri mpaka jua lichwe. Kwa hiyo kila anayehama kutoka kawaida kwenda sintetiki amechanganya tayari, ajue asijue.

Oili chafu usiimwage mtaroni wala usiipake kwa mikono mitupu kwenye nguzo za banda ili kufukuza mchwa. Ina masalia ya mwako ambayo yanaweza kuleta saratani ya ngozi kwa anayeishika mara kwa mara. Mimi naikusanya kwenye dumu, likijaa nalipeleka kwa fundi mwenye pipa, wanunuzi wa oili chafu hupita kwake. Galoni tupu naitoboa kwa kisu pande zote mbili na kuchana lebo kabla ya kuitupa. Wako watu wanaozunguka majalalani kutafuta galoni safi za sintetiki zenye vifuniko vyake, na sitaki kuja kununua galoni yangu mwenyewe kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Dar, ikiwa imejazwa kitu kingine.